Saa za Kulala za Mzee Tarsisi

Utaratibu wetu wa zamu ulitugharimu mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama nilivyokuwa nikihesabu mikate, na jibu halibadiliki: mtu mmoja, mwokaji wetu Mzee Tarsisi. Naliweka hili mbele kwa sababu nimekuwa mtu wa kupatana bei maisha yangu yote, na ninavyojua mimi, muuzaji anayekuficha bei mpaka umeshafunga mzigo ana nia mbaya na wewe.

Aliyeniomba niandike ni Divine, kiongozi wa zamu wa sasa pale bulanjeri, kiwanda chetu cha mikate. Alikuja kwangu muda mfupi baada ya mimi kustaafu, akanikuta nimesinzia kwenye kiti saa nne ya asubuhi, mdomo wazi. "Mama Alina," akaniambia, "tuandikie namna mlivyokuwa mkifanya kazi. Hawa wapya hawajui lolote." Nikamuuliza kama hao wapya wanasoma. Akasema wakitumiwa kwenye simu watasoma. Basi someni, na mkifika mahali pa kuchosha msiruke, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo penye kazi.

Kabla ya bulanjeri nilikuwa nauza mayai sokoni Kimironko, hapa Kigali. Patroni, mwenye bulanjeri, alikuwa mteja wangu, na siku moja alidai nimempunja trei nzima. Sikugombana naye. Nilimhesabia upya mbele ya watu, polepole, kisha nikahesabu tena nikianzia nyuma, na ile trei ikaonekana chini ya koti lake mwenyewe ndani ya gari. Badala ya kuona haya akaniambia anatafuta mtu wa kuhesabu mikate inayotoka kiwandani. Tulipatana masharti mimi nimesimama na yeye amekaa, na tulipomaliza alikuwa anajifuta jasho. Nilipata nini, sitasema. Wanaopenda kusema walipata nini, ukiwauliza vizuri hawakupata.

Bulanjeri mnaijua: jengo refu la matofali kule Kagarama, chini kidogo ya barabara. Wakati ule lilikuwa na oveni moja ya kuni na watu wasiofika ishirini. Tulikuwa mchanganyiko. Kuna sisi tuliokulia Bujumbura, kuna waliotoka Tanzania, kuna Wakongo wawili, na wenyeji wa hapahapa. Kinyarwanda kilikuwa cha kusalimiana na cha kugombana. Kiswahili kilikuwa cha kazi, kila mtu na cha kwao, na kila mtu akiamini cha mwenzake kimeharibika.

Siku ya kwanza nilifika alfajiri nimevaa kitenge kipya, kosa ambalo unga ulilisahihisha mara moja. Mwokaji alikuwa amesimama mbele ya mdomo wa oveni na ule ubao wake mrefu wa kutolea mikate. Nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi, kwa hiyo alionekana mtu anayeshangaa siku zote, ingawa sikuwahi kumwona akishangaa.

"Wewe ndiye wa kuhesabu?"

"Ndimi, Mzee."

"Haya, hesabu trei hii."

Nikahesabu. Akasema nimekosea. Nikahesabu tena, jibu lilelile. Akasema nimekosea tena. Nikamwambia, "Mzee, kama kuna jibu unalolitaka, nitajie nikuimbie. Lakini mikate ni hiyo hiyo."

Akacheka bila sauti. "Wa kabla yako, ukimtisha mara ya pili, alikuwa anaongeza mmoja," alisema, akanipa mkate wa moto nile nimesimama.

Kwake nilijifunza kupindua mkate na kuugonga chini kwa kidole. Ulioiva unaitikia kama mlango wa nyumba tupu, mbichi unanyamaza. Kipimo cha joto cha oveni kilikuwa kimekufa zamani, basi yeye alirusha unga kiasi cha vidole viwili juu ya sakafu ya oveni akautazama. Ukigeuka kahawia bila haraka, ingiza mikate. Ukiwa mweusi papo hapo, ngoja, kaongee na watu. Siku hizi mna oveni za vioo zinazopiga kengele zenyewe. Vizuri. Ila umeme ukikatika kengele inanyamaza kama mkate mbichi, kwa hiyo jifunzeni kugonga.

Lakini kazi aliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote, na hakuna aliyeiona kuwa kazi, ilikuwa kulala.

Zamu ya usiku ilikuwa yake. Aliingia saa tatu za usiku akatoka alfajiri, na hakuwahi kuomba nyingine. Akitoka alivaa kofia pana ya majani, hata siku za mawingu, akashuka kwenda kwake akiangalia miguu yake. Watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, walimpigia kelele: "Mzee, jua liko wapi?" Aliteremsha kofia akapita. Aliniambia mimi tu: jua likimpiga usoni saa hizo, usingizi unaondoka na haurudi mpaka kesho. Nyumbani alikula ugali kidogo au ndizi mbili, chai hakugusa, akaosha miguu kwa maji baridi, na saa moja na nusu alikuwa kitandani na blanketi limepigiliwa misumari dirishani. Aliamka saa nane. Siku ya kazi saa nane, siku ya mapumziko saa nane. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, na padri akirefusha mahubiri Mzee aliteseka waziwazi.

Mlinzi wa usingizi huo alikuwa mkewe, Konsolata, mwanamke mfupi aliyekaa mlangoni asubuhi nzima na sinia lake la maharage. Watoto wa jirani walijua mpira unachezewa upande wa pili wa barabara. Mara moja patroni alinituma kwake kuuliza ufunguo wa stoo umewekwa wapi. Sijafika hata mlangoni, akainua mkono.

"Amelala."

"Ni jambo dogo tu, Mama. Ufunguo wa stoo."

"Amelala."

"Hata kumnong'oneza?"

"Ufunguo nao umelala," alisema. "Kaa hapa unisaidie kuchambua. Saa nane wataamka wote wawili."

Nikakaa nikachambua maharage. Patroni alisubiri. Kwa mwanamke yule sikujaribu kupatana tena.

Kilichomvuruga Mzee kilikuwa umuganda peke yake, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alikwenda, hakukwepa hata mara moja, alifyeka mitaro na majirani asubuhi nzima na kulala mchana kweupe. Wiki iliyofuata nilikuwa naiona mikate yake: iliyopasuka ilikuwa mingi kuliko kawaida, na yeye mwenyewe alikuwa mkali bila sababu. Kisha anatulia, na mikate inatulia. Tuliona hilo mwezi baada ya mwezi tukalifanya utani. "Umuganda umeingia kwenye oveni," tulisema. Asubuhi moja tu ya kulala kwa kuchelewa ilimfanya hivyo, na sote tulikuwa tunacheka.

Kisha patroni akaleta oveni ya pili. Watu wa Kigali walikuwa wameanza kutaka mkate wa jioni, ukiwa bado na joto, wakitoka ofisini. Ikabidi ziwe zamu tatu: asubuhi, mchana na usiku. Patroni, ambaye hakupenda kuchukiwa, akasema, "Pangeni wenyewe," akapanda gari lake.

Mjue zamu hizo zilikuwaje. Asubuhi ni kuhesabu, kufunga na kupakia. Usiku ni kuoka, na mikate iliyopasuka ni ya walioioka, wanakwenda nayo kwao. Mchana ndiyo zamu ambayo kila mtu aliikimbia. Lori la unga linafika mchana, kwa hiyo magunia ni ya mchana. Trei zilizoungua zinasuguliwa mchana. Na joto la mchana pale ndani, na oveni mbili zinawaka, silielezi.

Kikao tulikifanya stoo, tumekaa juu ya magunia yenyewe. Kila mtu alikuwa na neno moja mdomoni: usawa. Kila mtu azunguke, wiki ya asubuhi, wiki ya mchana, wiki ya usiku, asiwepo wa kuonewa wala wa kupendelewa. Neno hilo kwetu lina uzito. Sisi ni watu tuliokwishaona ubaguzi unavyoanza na jambo dogo, na hakuna aliyetaka kuonekana anajitenga na wenzake. Nami nililiamini. Bado naliamini, mchana hasa; usiku nina shaka.

Mzee Tarsisi alikuwa ameniita kando kabla ya kikao. Alijua nina mdomo na yeye hana.

"Mama Alina, nisemee. Mimi mwili wangu umeshazoea usiku."

"Nitasema ubaki usiku moja kwa moja."

"Usiniombee kila kitu," alisema. "Hawa ni wenzangu. Niombee kinachowezekana."

Hayo ndiyo maagizo aliyonipa. Nayaandika kama alivyoyasema.

Mpinzani wake alikuwa Silvesta, mkandaji wa unga, mtu mwenye mikono kama mihimili na watoto watatu nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. Alisimama akasema, "Mimi sina ubaya na Mzee. Ila mgongo wangu ni mgongo na wake ni mgongo. Kwa nini wa kwangu ubebe gunia na wa kwake uachwe?"

"Mgongo wake una umri wa baba yako," nikasema.

"Basi tumpe gunia dogo."

Watu wakacheka. Mzee mwenyewe akacheka. Nilipoona wanacheka nikajua hapo ndipo pa kuingilia.

"Mzee ataacha mikate iliyopasuka," nikasema. "Yote. Mtagawana nyinyi."

Watu wakaanza kupiga hesabu kwa vidole. Silvesta akatikisa kichwa. "Sha, ndugu yangu, mkate unakwisha asubuhi hiyo hiyo. Gunia linarudi kila wiki."

Nikatazama nyuso. Mtu aliyekaa sokoni anajua kusoma nyuso, ni kama kusoma bei. Niliona hawatampa mwezi mzima bila ugomvi, na Mzee hakutaka ugomvi. Basi nikataja juu ya nilichotegemea, ili wanishushe: "Wiki tatu abaki usiku, wiki moja aje mchana abebe magunia na sisi. Tatu kwa moja." Nilitegemea tutaishia mbili kwa mbili.

Silvesta akawatazama wenzake, akasema, "Sawa."

Sawa, basi. Hakunipunguzia hata kidogo. Watu wakanipigia makofi kwa kumpatia Mzee robo tatu, na Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa bado naipima ile bei niliyoitaja. Ukitaja bei na muuzaji akakubali bila kubisha, unajua umetaja vibaya: alikuwa tayari kutoa zaidi. Nilijiambia hapa si sokoni, hawa ni wenzetu, wamekubali kwa moyo mwema. Nikaenda kuhesabu mikate.

Wiki yake ya kwanza ya mchana, Mzee alifanya kama alivyoahidi. Alibeba, akasugua, hakulalamika. Saa tatu za usiku alikwenda nyumbani kulala kama watu wengine, na hakulala. Konsolata aliniambia alikaa uani mpaka kunakucha, macho makavu, akisikiliza mbwa. Mwili wake ulikuwa umesimama mbele ya oveni. Mchana uliofuata alibeba magunia kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Nikasema, ni wiki moja, itapita. Ikapita. Akarudi usiku, na sasa akawa halali mchana. Alikuwa anaamka saa tano, saa nne, siku nyingine anasinzia kidogo tu jioni. Ilichukua wiki ya kwanza yote na ya pili kabla hajatulia. Ya tatu akawa yule Mzee tunayemjua, mikate inaitikia, nyuso zinacheka. Halafu ile wiki ya mchana ikawa imerudi.

Mnaona hesabu hiyo? Mimi, mtu wa kuhesabu mara mbili, ilinichukua miezi kuiona. Nilidhani usingizi unakatwa kama mkate: ukimwachia mtu vipande vitatu kati ya vinne, ana karibu mkate mzima. Kumbe zile wiki tatu alizitumia kupona ile moja, na alipokaribia kupona tukampiga tena palepale. Wengine tuliozunguka kila wiki tulichakaa pia, kila mtu kwa namna yake, lakini tulikuwa vijana, na hatukuwa tumejenga maisha yetu yote juu ya saa zilezile.

Nilifanya ninachojua kufanya: nilikwenda sokoni. Nyumba yao ilikuwa imewekwa dirisha jipya la kioo, kubwa, na blanketi halikutosha tena. Kimironko, upande wa vitambaa, nikamwambia muuzaji nataka kitambaa kizito cheusi kisichopitisha mwanga hata chembe.

"Ni cha pazia au cha hema, Mama?"

"Ni cha kulizuia jua lisiingie kwa mtu."

"Huyo mtu anadaiwa nini na jua?"

"Usingizi," nikasema. "Punguza bei, ni mgonjwa."

"Kila anayekuja hapa ana mgonjwa," alisema, lakini alipunguza. Konsolata akakipigilia siku hiyo hiyo. Chumba kikawa giza kama ndani ya chungu. Kilisaidia wiki za usiku. Kwa ile wiki ya mchana hakuna kitambaa kinachouzwa.

Ikafika asubuhi moja nikaingia kuhesabu nikasikia harufu kabla ya kufungua mlango. Trei zilikuwa zimepangwa kama kawaida, safu juu ya safu, na mikate yote ilikuwa myeusi. Mzee amekaa juu ya kreti, kofia yake ya majani magotini.

"Sikusinzia, Mama Alina," alisema. "Nilikuwa nimesimama. Macho yalikuwa wazi. Nilikuwa naitazama."

Madereva nje walikuwa wanapiga honi. Nilitoka nikawaambia hakuna mkate leo. Mmoja akauliza, "Kwani Mzee hayupo?" Kwa sababu katika mawazo yao, Mzee akiwepo, mkate upo. Silvesta alikuja akazisugua trei zile mwenyewe, bila kuambiwa, wala haikuwa zamu yake.

Nikampeleka Mzee kituo cha afya. Muuguzi, binti mpole mwenye miwani, alimpima presha, akampima tena mkono wa pili. Akamuuliza anakula nini, anakunywa nini, anatembea kiasi gani. Kisha akauliza, "Baba, unalala saa ngapi?"

"Inategemea wiki," Mzee akajibu.

Yule binti akaacha kuandika. Akatueleza kwa Kinyarwanda cha taratibu, kama mtu anayemfungulia mgeni njia, kwamba mwili una saa yake, na hiyo saa haijali tumekubaliana nini kwenye kikao. Moyo, presha, sukari, tumbo, vyote vinaifuata. Kufanya kazi usiku si kuzuri kwa mtu yeyote, alisema, na angependa Mzee aache kabisa. Ila kama haachi, basi angalau saa zisiyumbe. Kulala kwa muda wa saa sita leo na saa sita kesho si sawa kama leo ni asubuhi na kesho ni usiku. Akampa dawa na karatasi ya kurudi.

Njiani nilimwambia, "Nitaitisha kikao. Nitaomba wiki zote nne."

Alisimama kabisa barabarani. "Hapana."

"Mzee, umemsikia yule."

"Nimemsikia. Lakini nimechoma mikate ya watu juzi tu. Nikienda leo kuomba, watasema ninauza ugonjwa." Akavaa kofia yake. "Nilikubali mbele yao. Ngoja mwisho wa mwaka, nitapumzika."

Sikuitisha kikao. Mtu mzima akikwambia usimsemee, unamsemeaje?

Wiki yake ya mchana ilirudi. Alianguka alasiri, pale penye sinki la trei, brashi mkononi. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini, kama mtu aliyeamua kupumzika, na upande mmoja wa uso ukateremka. Silvesta alimbeba mikononi mpaka kwenye gari, anakimbia, anaita "Mzee, Mzee" njia nzima kama anamwamsha. Hospitali alikaa siku chache. Nilikwenda kumwona mchana, na alikuwa amelala usingizi mzito ambao alikuwa ameutafuta mwaka mzima, na manesi walikuwa wanajaribu kumtoa humo. Hakutoka.

Kwenye karatasi waliandika moyo na presha. Saa za kulala hazikuandikwa, na sitaki mseme mimi nimeandika yasiyoandikwa. Alikuwa na umri. Babake pia, Konsolata alisema, alikufa ghafla. Huenda ingekuja hata kama angelala saa moja na nusu kila asubuhi mpaka mwisho. Nimeipigia hesabu hiyo mara nyingi kuliko mara mbili, na kila mara inanibakizia salio.

Kwenye matanga Silvesta alikaa nyuma kabisa, hakula. Watu walipita wakisema "mwihangane, mwihangane", yaani mvumilie, na kila aliposikia neno hilo aliinamisha kichwa kana kwamba anasemwa. Kazini alibeba magunia ya mchana peke yake kwa miezi, akikataa kusaidiwa. Utaratibu wa kuzunguka haukubadilika. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufungua tena, na kila mtu aliendelea kulala pale usingizi ulipomkuta. Mimi pia nilizunguka hivyo mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo mnachotaka, vijana, ni hiki. Kama zamu haina budi kubadilika, isibadilike kila wiki. Mtu akae mahali pamoja muda wa kutosha mwili uamini. Mkitoka usiku, vaeni kofia, wacheni wa moto wacheke. Chai ya mwisho inyweni mapema. Siku ya mapumziko ndiyo siku ya hatari: mnaamka mchana, mnakesha kwenye simu, na Jumatatu mnasema mmerogwa. Na aliye na usingizi unaomkubali saa fulani, mwacheni nao, hata kama ni saa ya ajabu. Magunia yanaweza kugawanywa kwa namna nyingine. Tulikuwa na vichwa vya kutosha kufikiria namna nyingine, ila tulikuwa tumeshika neno usawa kwa mikono yote miwili.

Mimi mwenyewe najaribu kulala saa nne za usiku. Usingizi unafika saa nane, kama fundi aliyeahidi asubuhi, na hauombi radhi. Saa nne ya asubuhi unanikamata kitini, ndivyo Divine alivyonikuta. Yule muuguzi, sasa ni mama mtu mzima, ananiambia niamke saa ileile kila siku hata kama sikulala, na nitoke nje juani. Nafanya. Inakwenda polepole.

Lakini sikuwaandikia kwa ajili ya usingizi wangu. Ni kwa ajili ya Konsolata. Yuko palepale. Bado anakaa mlangoni asubuhi na sinia, bado anawanyamazisha watoto, na sasa ni wajukuu wa wale wa kwanza, na hawajui wananyamazia nini. Usiku halali. Kila Jumapili tukitoka misa ananishika mkono, na swali lake ni moja, hana hasira, anauliza kama mtu anayeuliza njia: "Mama Alina, siku ile ungetaja wiki zote nne, wangekupa?"

Kila Jumapili namwambia sijui. Ni kweli sijui. Kikao kile kilinijibu "sawa" haraka mno, na sikuwahi kumuuliza Silvesta kwa nini, wala yeye hakuwahi kuniambia, na sasa tumezeeka sote wawili tunasalimiana kwa adabu nyingi.

Nyinyi ndio mnaokaa juu ya yale magunia leo. Kaeni kikao, mjiulize kwa haki: akisimama mtu mbele yenu, mgongo wake kama wenu, aombe aachwe na saa zake zote, mtampa? Nileteeni jibu lilivyo, msilipambe kwa sababu mimi ni mama yenu. Likiwa hapana, nitalipeleka mwenyewe Jumapili hii. Likiwa ndiyo, basi nishaurini na hili pia, maana hapo ndipo ninaposhindwa: jibu kama hilo mtu anampelekeaje mjane, ili usiku huo aweze kulala?